Shajara ya mradi: hifadhidata ya nasaba za farasi wa troti

14 Januari 2024: Lengo na mipaka

Hifadhidata hii ina swali moja la kujibu: dume huyu akimpanda jike huyu, mtoto atarithi damu ya nani mara ngapi, na uzaliano wa karibu utafika kiasi gani? Jedwali la vizazi vitatu linalochapwa kwenye katalogi za mnada halitoshi, kwa kuwa Standardbred wa Marekani, aina ya farasi wa mbio za kuvuta kigari, wanakutana nyuma zaidi ya hapo. Takriban wote wanarudi kwa Hambletonian 10, dume aliyezaliwa 1849 jimboni New York na kufa 1876, kupitia wanawe wanne: George Wilkes, Dictator, Happy Medium na Electioneer. Kwa hiyo swali la kama wazazi wawili ni ndugu halina maana. Ni ndugu. Linalotafutwa ni undugu wa kiasi gani, na umehesabiwa kutoka kizazi cha ngapi.

Mipaka ya kazi: troti ya Marekani ndiyo kiini. Troti ni mwendo wa kupeleka mbele kwa pamoja mguu wa mbele wa upande mmoja na wa nyuma wa upande wa pili. Farasi wa Ufaransa wanaingia pale tu damu yao ilipochanganywa. Farasi wa pesi, yaani wanaopeleka mbele miguu miwili ya upande mmoja kwa pamoja, wanaingia kama mababu tu. Farasi wa troti wa Urusi, aina ya Orlov, wamebaki nje kwa sasa.

Kila farasi ana mstari mmoja wenye safu hizi: namba, jina kama lilivyochapwa, jina lililosafishwa, mwaka wa kuzaliwa, jinsia, rangi, nchi, namba ya baba, namba ya mama, rekodi, mwendo, chanzo, kiwango cha uhakika. Safu mbili za mwisho huonekana mzigo siku ya kwanza, na wengi huziruka. Anayeiga kazi hii asiziruke. Bila chanzo, kosa likigunduliwa haijulikani ni mistari mingapi mingine imetoka kwenye karatasi ileile.

Gharama: SQLite (programu ya hifadhidata) na Python (lugha ya kuandikia programu) ni bure. Ripoti rasmi za nasaba hulipiwa, kwa hiyo zimetengewa majike ambao vyanzo viwili vinapingana juu yao. Kinacholika zaidi ni muda wa kuingiza majina kwa mkono.

2 Februari 2024: Jina halifai kuwa ufunguo

Toleo la kwanza lilikuwa lahajedwali ambamo safu za baba na mama zilijazwa majina. Ilikwenda vizuri kwa farasi waliozaliwa baada ya 1950. Ilipofika karne ya 19, hati (programu fupi) ya kuchora mti wa nasaba ilizunguka bila kukoma hadi Python ikaikatisha.

Kisa kilikuwa Abdallah. Baba yake Hambletonian 10 ni Abdallah, mwana wa Mambrino. Lakini Hambletonian naye alizaa dume aliyeitwa Abdallah mwaka 1852, ambaye vitabu humtaja kama Alexander's Abdallah au Abdallah 15, baba wa jike mashuhuri Goldsmith Maid. Kwa lahajedwali hao walikuwa farasi mmoja, na hivyo Hambletonian akawa babu yake mwenyewe.

Hambletonian mwenyewe ni mtego mbaya zaidi. Kuna yule wa Uingereza wa mbio za kupanda mgongoni, kuna Bishop's Hambletonian aliyekuwa mwana wa Messenger, na kuna huyu wa namba 10, anayeitwa pia Rysdyk's Hambletonian. Bishop's Hambletonian ni babu wa mama yake Hambletonian 10, kwa hiyo wote wawili wanatokea kwenye mti mmoja, vizazi vichache tu kati yao. Mambrino vilevile: yupo baba wa Abdallah, halafu Mambrino Chief, Mambrino Patchen, Mambrino King. Namba inayofuata jina la farasi wa zamani ilitoka kwenye daftari la John H. Wallace, ambalo juzuu yake ya kwanza ilitoka 1871. Ikipatikana iingizwe kwenye safu yake.

Marekebisho: kila farasi amepewa namba isiyo na maana yoyote, na baba na mama hutajwa kwa namba hiyo pekee. Farasi mpya hakubaliwi mpaka vitu vitatu vilinganishwe: jina lililosafishwa, mwaka na jina la mama. Viwili vikilingana na cha tatu kikipishana, mstari unakwenda kwenye foleni ya kukaguliwa kwa macho. Kwa mwenye UELN, namba ya utambulisho wa farasi yenye tarakimu 15 ambayo tatu za mwanzo ni msimbo wa nchi (840 Marekani, 250 Ufaransa, 752 Uswidi), hiyo inatosha peke yake. Mababu hawana.

Kusafisha jina ni kugeuza herufi zote kuwa ndogo, kisha kuondoa alama ya ritifaa, nukta, kistari, nafasi na kinyota. Star's Pride, Stars Pride na Star's-Pride wanakuwa mmoja. Kinyota kabla ya jina kwenye nasaba za zamani za Marekani, kama *Messenger au *Bellfounder, humaanisha farasi aliingizwa kutoka nje ya nchi. Kihamishiwe safu ya nchi kabla ya kufutwa. Kuondoa nafasi nako kuna sababu. Kanuni za usajili za Marekani zinaruhusu herufi na nafasi 18 tu kwa jina zima, ndiyo maana bingwa wa kike wa mbio za Hambletonian Stakes za 1996 anaandikwa Continentalvictory, neno moja la herufi 18 kamili. Watu huendelea kumwandika kwa maneno mawili, na hifadhidata ilikuwa na majike wawili wenye watoto walewale.

Gharama ya hatua hii: kila mstari wa kabla ya 1900 uliingizwa upya.

25 Februari 2024: Rekodi za muda

Safu ya rekodi ilionekana rahisi. Haikuwa.

Marekani huandika rekodi ya Muscle Hill hivi: 3,1:50.1. Tarakimu ya kwanza ni umri, miaka mitatu. Baada ya nukta si sehemu ya kumi bali ni sehemu ya tano ya sekunde. Kwa hiyo 1:50.1 ni sekunde 110.2, na 1:54.4 ya Nevele Pride mwaka 1969 ni sekunde 114.8. Programu inayosoma nukta kama desimali ya kawaida inampunguzia Nevele Pride sekunde 0.4, na kwenye troti hiyo ni tofauti ya kushinda na kushika nafasi ya nne.

Kabla ya hapo muda ulipimwa kwa robo. Greyhound alikimbia 1:55¼ mwaka 1938, Peter Manning 1:56¾ mwaka 1922, na Lou Dillon 1:58½ mwaka 1903, alipokuwa wa kwanza wa troti kushuka chini ya dakika mbili kwa maili. Mashine ya kusoma maandishi iligeuza ¼ kuwa 1/4, kisha hati ikabakiza 1 na kuisoma kama moja ya tano. Greyhound akapata 115.2 badala ya 115.25. Tofauti ni ndogo mno kuonekana kwa jicho, lakini ¾ inageuka kuwa tatu ya tano na kumwondolea farasi sekunde 0.15.

Ulaya hupima kwa kilomita na kwa sehemu za kumi: 1.10,5 ni dakika moja na sekunde 10.5 kwa kilomita. Kubadilisha ni kugawanya sekunde za maili kwa 1.609344. Muscle Hill: 110.2 gawanya kwa 1.609344 ni 68.475, yaani 1.08,5. Hesabu ni sahihi, ulinganisho bado si wa haki. Rekodi ya Marekani ni ya maili moja nyuma ya gari lenye lango, linalowaongoza farasi hadi mstari wa kuanzia. Prix d'Amérique, mbio kubwa ya troti ya Ufaransa, hukimbiwa mita 2,700. Programu inabadilisha kizio na kuonyesha umbali kando yake, haipangi farasi wa mabara mawili kwenye orodha moja.

Kanuni zilizobaki kwenye hati:
- Nukta ikifuatwa na 5 hadi 9, chanzo hakitumii sehemu za tano. Simamisha, uliza.
- Alama ¼, ½ au ¾ isomwe kabla ya kitu kingine chochote.
- Herufi "p" mwanzoni ni mwendo wa pesi. Inahamia safu ya mwendo.
- "TT" ni muda wa kukimbia dhidi ya saa, bila wapinzani. Inahifadhiwa lakini hailinganishwi na rekodi ya mashindano.

17 Machi 2024: Vichungi vya makosa

Mistari ilipokuwa mingi, kukagua kwa macho hakukuwezekana tena. Vichungi vitatu na amri moja viliandikwa, na vichungi viwili kati yake vilileta kelele kuliko faida mpaka viliporekebishwa.

*Herufi ya mwaka ya Wafaransa.* Farasi wa troti anayezaliwa Ufaransa hupewa jina linaloanza na herufi ya mwaka wake. Herufi ni 22, A hadi V. W, X, Y na Z huachwa. 1966 ilikuwa A, kisha 1988, kisha 2010. Toa 1966 kwenye mwaka, gawanya kwa 22, baki ndiyo nafasi ya herufi ukianza kuhesabu na sifuri. Ourasi, 1980: baki 14, O. Ready Cash, 2005: baki 17, R. Face Time Bourbon, 2015: baki 5, F. Inarudi nyuma hata mzunguko uliotangulia: Une de Mai wa 1964 anatoka U. Mwaka ukikosewa kwa mmoja tu, herufi inakataa. Hakuna kichungi kingine cha bei rahisi kama hiki, inasikitisha kwamba Wamarekani hawana kitu cha namna hiyo.

*Umri.* Mzazi awe na angalau miaka miwili jike anapotungwa mimba. Mimba huchukua takriban miezi 11, kwa hiyo mtoto aliyezaliwa mwaka unaofuata kifo cha dume ni halali. Kichungi cha kwanza kilikataa kila mtoto aliyezaliwa zaidi ya mwaka mmoja baada ya baba kufa, na kikawakataa watoto wengi wa kweli waliotokana na mbegu zilizogandishwa. Sasa kinaonya kwa waliozaliwa enzi ya mbegu zilizogandishwa, na kukataa kwa wa zamani. Kwa jike, watoto wawili mwaka mmoja ni onyo tu, kwa sababu ya pacha na ya kiinitete kubebwa na jike mwingine.

*Rangi.* Wazazi wawili wa rangi nyekundu, inayoandikwa ch, hawazai mtoto wa kahawia wala mweusi, kwa kuwa nyekundu hii hujitokeza pale tu mtoto anapopewa nakala yake na wazazi wote wawili. Na mtoto wa kijivu lazima awe na mzazi mmoja wa kijivu. Kanuni zote mbili ni za kweli, daftari ndilo lenye matatizo. Rangi nyingi huandikwa mtoto akiwa bado na manyoya ya kuzaliwa, na nyekundu iliyokolea huandikwa br kana kwamba ni kahawia. Kichungi kilipiga kelele kila ukurasa. Kimepunguzwa: kinasimamisha mstari pale tu kijivu kinapotokea bila mzazi wa kijivu, nyekundu kwa nyekundu kinaweka alama ndogo.

*Nusu ndugu.* Hili lilijificha muda mrefu zaidi. Katika lugha ya nasaba za farasi, nusu ndugu ni wa mama mmoja tu. Watoto wa dume mmoja kwa majike tofauti hawaitwi hivyo, maana dume wa Standardbred anaweza kuwa na mamia yao. Mwingizaji aliyezoea ng'ombe au kuku akisoma kwamba farasi fulani ni nusu ndugu wa bingwa, anamjazia baba wa bingwa. Makosa haya hayakamatwi na kichungi cha umri wala cha rangi. Kilichosaidia ni amri: upande wa baba usijazwe kamwe kutokana na maelezo ya undugu, ujazwe kutoka mstari wa nasaba unaomtaja baba kwa jina.

14 Aprili 2024: Hesabu ya uzaliano wa karibu

Kipimo ni kile cha Sewall Wright cha 1922, F: uwezekano kwamba nakala mbili za jeni alizobeba mtoto zimetoka kwa babu mmoja yuleyule. Kwa kila njia inayopita kwa babu wa pamoja, hesabu vizazi kutoka kwa baba hadi kwake, ongeza vizazi kutoka kwa mama hadi kwake, ongeza moja. Nusu ipandishwe kwa kipeo hicho, kisha zidisha kwa moja jumlisha F ya babu mwenyewe. Wafugaji huandika 3x4 kumaanisha babu yuko kizazi cha tatu upande wa baba na cha nne upande wa mama. Kwa maandishi hayo njia ya mkato ni nusu kwa kipeo cha jumla ya namba mbili kutoa moja:

- 2x3: 6.25%
- 3x3: 3.125%
- 3x4: 1.5625%
- 4x4: 0.78%

Kuhesabu njia moja moja kulivunjika mapema. Vizazi 10 vina nafasi 1,024 kwenye safu ya mwisho pekee, na njia huongezeka kwa kasi kuliko nafasi. Jaribio la pili lilikuwa jedwali la undugu wa kila farasi na kila farasi. Ni njia sahihi, lakini farasi 20,000 ni seli milioni 400, na kwa baiti 8 kila moja ni gigabaiti 3.2 kabla kitu kingine hakijapakiwa. Kompyuta ilisimama.

Iliyobaki inafanya hivi: chukua baba na mama waliopendekezwa, toa mababu zao tu, kisha tafuta undugu wa jozi kwa kujirudia. Jozi ya x na y, kama ni farasi wawili tofauti, mvunje aliye mdogo zaidi kwa ukoo: undugu wake na mwenzake ni wastani wa undugu wa wazazi wake na mwenzake. Kama ni farasi mmoja, ni nusu ya moja jumlisha undugu wa wazazi wake. Asiyejulikana ni sifuri. Kila jozi iliyokwisha kuhesabiwa iwekwe kwenye kumbukumbu. Bila hivyo hati inarudia jozi zilezile mara nyingi kiasi cha kutomaliza.

Data ya majaribio ilikuwa Hambletonian 10 mwenyewe, kwa kuwa mti wake unaweza kufuatwa kwa kalamu:

Baba ni Abdallah, mwana wa Mambrino, mwana wa Messenger. Mama ni Charles Kent Mare, binti wa Bellfounder na One Eye. One Eye ni binti wa Bishop's Hambletonian na Silvertail, na wote wawili ni watoto wa Messenger.

One Eye kwanza: wazazi wake ni wa baba mmoja, F yake ni 1/8, yaani 12.5%. Kisha Hambletonian: kutoka Abdallah hadi Messenger ni vizazi 2, kutoka Charles Kent Mare hadi Messenger ni vizazi 3, kwa njia mbili, moja kupitia Bishop's Hambletonian na nyingine kupitia Silvertail. Kila njia ni 1/64. Jumla ni 1/32, yaani 3.125%. Kumbuka kwamba 12.5% ya One Eye haiingii popote, kwa kuwa yeye si babu wa pamoja.

Hati ilitoa sifuri.

Hakukuwa na onyo wala kosa lililoandikwa, ni 0.0 tu. Sababu ilikuwa mpangilio. Farasi walipangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, ili mdogo ajulikane. Charles Kent Mare aliingizwa bila mwaka, na SQLite huweka thamani tupu mwanzoni kabisa. Akawa mkubwa kuliko Messenger. Hati ilivunja kila mwenzake badala yake, ikafika mwisho wa mti bila kuwahi kuwagusa wazazi wake. Majike wa karne ya 19 wasio na mwaka ni wengi, wengine hawana hata jina zaidi ya jina la mwenye jike, kwa hiyo kila F iliyokuwa imetolewa kabla ya siku hiyo ilikuwa pungufu.

Marekebisho: mpangilio kwa ukoo, si kwa mwaka. Farasi hupewa namba ya mpangilio baada ya wazazi wake wote wawili kupewa. Wakibaki farasi ambao hawawezi kupangwa, kuna aliyekuwa babu yake mwenyewe, na hati inawataja. Baada ya hapo One Eye alitoa 0.125 na Hambletonian 0.03125. Vipimo hivi viwili sasa huendeshwa kabla ya kila toleo.

Kuna kipimo cha tatu. Mama yake Abdallah, Amazonia, hana nasaba iliyothibitishwa. Lipo dai la zamani kwamba alikuwa binti wa mwana wa Messenger. Ukilikubali, zinaongezeka njia mbili za 1/128 na F ya Hambletonian inapanda hadi 4.6875%. Hifadhidata inabeba majibu yote mawili: la wenye uhakika wa juu, na la madai yote. Dai moja la vizazi vitatu nyuma limeongeza nusu ya kipimo kizima.

5 Mei 2024: Ndugu kamili wanaojificha

Jozi ya kwanza ya kisasa: Chapter Seven kwa binti wa Donato Hanover. Jedwali la vizazi vitatu la mtoto, kwa mistari hii miwili, halina jina linalojirudia. Upande wa baba unasoma Chapter Seven, Windsong's Legacy, Conway Hall. Upande wa mama unasoma Donato Hanover, kisha Andover Hall. Lakini Conway Hall na Andover Hall, pamoja na Angus Hall, ni watoto wa baba na mama wamoja: Garland Lobell na Amour Angus.

Toleo la kwanza la ripoti lilitafuta majina yanayojirudia na kukata kwenye kizazi cha tatu. Likasema hakuna kitu. Kwenye kizazi cha nne wanatokea Garland Lobell 4x4 na Amour Angus 4x4, kila mmoja 1/128, jumla 1.5625%. Ni sawasawa na 3x4 kwa farasi mmoja, na mfugaji anayeogopa 3x4 angetaka kuiona. Ripoti sasa ina sehemu ya pili inayotaja jozi za ndugu kamili waliokaa pande tofauti za mti.

2 Juni 2024: Ukamilifu wa nasaba

F ndogo ina sababu mbili: wazazi hawana undugu, au hatujui mababu. Namba peke yake haitofautishi. Ripoti ziliwaonyesha majike wenye nasaba fupi kuwa ndio bora kuliko wote kwa kuepuka uzaliano.

Kipimo kilichotumika ni cha MacCluer na wenzake, 1983, kilichotokana na utafiti juu ya Standardbred wenyewe. Kwa kila mzazi, tafuta sehemu ya mababu wanaojulikana katika kila kizazi na uchukue wastani. Kisha zidisha alama ya baba kwa ya mama, zidisha kwa mbili, gawanya kwa jumla yao. Baba akiwa na 1 na mama 0.5, jibu ni 0.67 badala ya 0.75 ya wastani wa kawaida. Mama asipojulikana kabisa jibu ni sifuri, na hivyo ndivyo inavyopaswa, kwa sababu bila upande mmoja F haiwezi kuhesabiwa hata upande wa pili ukiwa umejaa.

Kila F sasa inachapwa pamoja na idadi ya vizazi na ukamilifu wake. Chini ya 0.9 kwa vizazi vitano, ripoti haitoi F kabisa. Kizingiti hiki ni uamuzi wetu, atakayeiga anaweza kukisogeza.

30 Juni 2024: Kilichoondolewa

Sehemu ya kutabiri michanganyiko yenye bahati imefutwa. Wazo lake ni la zamani: Super Bowl, bingwa wa Taji la Mbio Tatu la 1972, ni mwana wa Star's Pride kwa binti wa Rodney, basi hesabu ni mara ngapi mstari fulani wa baba ukikutana na baba fulani wa mama hutoa bingwa. Hesabu ilifanyika, orodha ilikuwa nzuri sana kuitazama, na haikuwa na maana. Ilihesabu washindi bila kuhesabu watoto wote wa mchanganyiko huo. Katalogi za mnada, ambazo ndizo zilikuwa chanzo, hukazia wazao waliofanikiwa. Na hata ukipata idadi kamili, dume anayependwa hupelekewa majike bora, kwa hiyo huwezi kusema sifa ni ya mchanganyiko au ya majike.

Kilichobaki ni ufuatiliaji wa mstari wa baba, ambao ni mtihani mzuri wa data. Muscle Hill anarudi hivi: Muscles Yankee, Valley Victory, Baltic Speed, Speedy Somolli, Speedy Crown, Speedy Scot, Speedster, Rodney, Spencer Scott, Scotland, Peter Scott, Peter the Great, Pilot Medium, Happy Medium, Hambletonian 10. Vizazi 15 kutoka 2006 hadi 1849, wastani wa miaka 10.5 kwa kizazi. Chapter Seven anapita Windsong's Legacy, Conway Hall, Garland Lobell, ABC Freight, Noble Victory, Victory Song, Volomite na Peter Volo, kisha anaungana na mwenzake kwa Peter the Great. Vizazi 12, wastani wa miaka 13.25. Wastani ukishuka chini ya 7 au kupanda juu ya 18 kwenye mstari wowote, kuna farasi aliyerukwa au aliyeongezwa. Ndivyo walivyopatikana madume waliounganishwa na babu badala ya baba.

Kwa uzazi, mstari huu wenyewe unasema machache. Njia moja ya vizazi 15 ina sehemu 1 kati ya 32,768 ya nasaba. Uzito wa Hambletonian kwa farasi wa leo unatokana na kuwapo kwake kwenye njia nyingine nyingi mno, ambazo karibu zote zinapita kwa majike.

21 Julai 2024: Safu ya jeni la mwendo

Imeongezwa safu ya DMRT3, jeni ambalo timu ya Leif Andersson wa Uppsala iliripoti mwaka 2012. Mabadiliko ya herufi moja, C kuwa A, yanafupisha protini yake na kubadilisha uratibu wa miguu. Standardbred wa Marekani karibu wote ni A/A (nakala zote mbili ni A), wa troti na wa pesi pia, kwa hiyo safu haisaidii kutenganisha mwendo wa troti na pesi. Inasaidia kwa damu ya Ufaransa, ambako C bado ipo. A/A kwa C/A hutoa, kwa wastani, nusu ya watoto C/A, na hao kwa kawaida huona ugumu zaidi kudumisha troti kwa kasi kubwa bila kuanza kwenda shoti.

Jaribio la kujaza safu kwa kukisia kutoka kwa wazazi limezuiwa isipokuwa wazazi wote wawili wamepimwa A/A. Nyingine zote zinabaki tupu mpaka kuwe na karatasi ya maabara, na programu husoma tupu kama "haijulikani", kamwe si kama A/A. Kilichobaki kwenye foleni ni majike wa mistari ya Minnehaha na Jessie Pepper, ambao mama zao wa mwanzo bado wana kiwango cha chini cha uhakika. Ripoti za kulipia zitaanzia hapo.